Je, Giaboksi ya Haidroliki ya Boti Yako Inahitaji Kupozwa kwa Maji?

Mnunuzi wa injini ya boti huuliza mambo mengi kabla ya kulipa: nguvu ya injini, ulaji wa dizeli, upatikanaji wa vipuri. Swali la giaboksi aghalabu huja baadaye, injini ikiwa tayari imeshafungwa chomboni na fundi amegundua matundu mawili yenye nyuzi ubavuni mwa giaboksi, yamezibwa kwa plagi za plastiki. Muuzaji akiulizwa, hujibu kwamba matundu hayo ni ya ziada na kwamba giaboksi hiyo "haihitaji maji". Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Mara nyingi zaidi si sahihi, na anayelipia kosa hilo ni mwenye chombo.

Makala haya yanawahusu wamiliki na wanunuzi wa majahazi, mashua na boti zenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo, katika mwambao wa Mtwara kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma. Hayawahusu wenye injini za kupachikwa nyuma ya boti, kwa kuwa gia za injini hizo zimo ndani ya mguu uliozama majini, na bahari yenyewe huzipoza.

JIBU KWA UFUPI

Giaboksi ya haidroliki inayofanya kazi kwa saa nyingi mfululizo inahitaji kipoza oili, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba modeli hiyo, kwa nguvu hiyo ya injini na kwa matumizi hayo, inaweza kwenda bila kipoza. Kauli ya mdomo ya muuzaji haitoshi. Kinachotosha ni kitabu cha mtengenezaji cha modeli husika.

AINA MBILI ZINAZOFANANA KWA SURA

Kazi ya giaboksi ya boti ni kupunguza mizunguko ya injini ili rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela, izunguke kwa mwendo unaofaa, na kumwezesha nahodha kwenda mbele, kurudi nyuma au kusimama. Zipo aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni giaboksi ya kimakanika. Nahodha anaposukuma mkono wa gia, nguvu ya mkono huo ndiyo inayoanza kubana klachi. Giaboksi ya aina hii haina pampu ya oili, aghalabu hufungwa kwenye injini ndogo, na nyingi kati yake hupoa kwa hewa inayopita juu ya ganda lake. Hata hivyo, baadhi yake huhitaji kipoza zinapofungwa kwenye injini kubwa zaidi.

Aina ya pili ni giaboksi ya haidroliki. Humo ndani mna pampu inayoendeshwa na injini, ambayo husukuma oili kwa shinikizo kubwa ili kubana sahani za klachi. Mkono wa gia haubani chochote. Hufungua tu njia ya oili. Ndiyo maana mkono wake huwa mwepesi na gia huingia kwa ulaini.

Mnunuzi asitegemee macho peke yake kuzitofautisha. Mathalani, mtengenezaji ZF ana giaboksi iitwayo ZF 25M, ambayo ni ya kimakanika, na nyingine iitwayo ZF 25, ambayo ni ya haidroliki. Tofauti kwenye kibati ni herufi moja. Kwa sababu hiyo, soma kibati kilichopigiliwa kwenye ganda na uandike modeli nzima, pamoja na herufi zake zote, namba ya toleo na uwiano wa gia. Giaboksi ambayo kibati chake kimeng'olewa ni giaboksi ambayo hakuna awezaye kukuthibitishia mahitaji yake.

JOTO LINATOKA WAPI

Hakuna giaboksi inayopitisha nguvu yote inayopokea. Sehemu ndogo hupotea katika msuguano wa meno na beringi, katika oili inayovurugwa na gia, na, kwa giaboksi ya haidroliki, katika pampu isiyopumzika muda wote injini inapowaka. Oili ambayo pampu imeisukuma na klachi haikuihitaji hurudi kupitia vali ya shinikizo, na nguvu iliyotumika kuisukuma hugeuka kuwa joto.

Tuchukue mfano wa hesabu. Injini ya nguvu za farasi 60 hutoa takriban kilowati 45. Tukikadiria kwamba giaboksi inapoteza asilimia 3 tu ya nguvu hiyo, hiyo ni kilowati 1.35, yaani joto linalozidi lile la pasi ya umeme ya wati 1,000, nalo hutolewa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Kama giaboksi hiyo ina uzito wa kilo 50 na oili lita 4, na joto hilo likakosa pa kutokea, oili ingepanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 90 za Selsiasi kwa muda usiofika nusu saa.

Bila shaka ganda la chuma hutoa sehemu ya joto hilo kwenye hewa. Lakini hewa gani? Chumba cha injini cha jahazi kimefunikwa kwa mbao, injini yenyewe inakitia moto, na hewa yake ina joto hata kabla giaboksi haijaanza kazi. Hewa tulivu ya nyuzi 45 haiwezi kuchukua kiasi kinachohitajika. Maji ya bahari ya Mtwara, ambayo kwa mwaka mzima hukaa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, yanaweza.

Oili ikizidi moto huwa nyepesi kama maji. Oili nyepesi huvuja ndani kwa ndani, shinikizo hushuka, na sahani za klachi huanza kuteleza kwa kuwa hazibanwi ipasavyo. Kuteleza huko huzaa joto jingine, ambalo huzidi kuifanya oili nyepesi. Duara hilo likishaanza halijitengenezi lenyewe. Hukoma pale nahodha anapopunguza mwendo, au pale sahani zinapoungua.

MAJI YANAPITA WAPI

Kipoza oili ni silinda yenye vijibomba vyembamba ndani yake. Kwa kawaida maji ya bahari hupita ndani ya vijibomba, na oili ya giaboksi hupita nje yake. Vimiminika hivyo viwili havigusani. Kinachovuka ukuta wa kijibomba ni joto pekee. Oili hutoka kwenye tundu moja la giaboksi, huzunguka katika kipoza, kisha hurudi kupitia tundu la pili. Hiyo ndiyo kazi ya yale matundu mawili yaliyozibwa kwa plagi za plastiki. Baadhi ya watengenezaji hufunga kipoza kwenye ganda lenyewe tangu kiwandani, na hapo mnunuzi ataona midomo ya mipira ya maji badala ya matundu ya oili.

Katika mpangilio wa kawaida, maji huingia kupitia koki iliyo chini ya chombo, hupita kwenye chujio, huvutwa na pampu, hupita katika kipoza oili cha giaboksi, ndipo yaendelee kuipoza injini.

PWANI HII INA MAJARIBU YAKE

Ushauri ulioandikwa kwa bahari yenye maji maangavu hautoshi katika maingilio ya Ruvuma. Tangu mwezi Desemba hadi Aprili, majira ya mvua za kusini, mto huleta tope na mchanga, pamoja na majani na vijiti vya mikoko. Bamvua nayo, ambayo tofauti yake kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3, huacha mafungu ya mchanga mahali palipokuwa na maji saa chache tu kabla. Chombo kinachopita juu ya fungu kwa kina kidogo hufyonza mchanga kupitia koki yake.

Mchanga hula makali ya impela, ile gurudumu ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji. Impela ikikatika, vipande vyake husafiri na maji na kukwama kwenye kizuizi cha kwanza vinachokikuta, nacho aghalabu ni mdomo wa kipoza cha giaboksi. Kwa hiyo, ukibadilisha impela iliyokatika, fungua pia mdomo wa kipoza na uhesabu vipande mpaka vikamilike.

Kwa vyombo vinavyofanya kazi muda mwingi ndani ya mto na vijito vya mikoko, upo mpangilio mwingine unaofaa kufikiriwa: mabomba yaliyofungwa nje ya chombo kando ya mkuku, ambamo maji safi huzunguka bila kuchanganyika na maji ya mto. Tope haliingii humo. Mpangilio huu una masharti mawili. Mabomba lazima yakingwe yasipondwe chombo kinapokaa juu ya mchanga, na maji yanayotoka kwenye mabomba yapite kwanza kwenye kipoza cha giaboksi kabla ya kuingia katika injini, la sivyo giaboksi itapozwa kwa maji ambayo tayari yana moto.

KAULI NNE ZINAZOPOTOSHA

"Giaboksi ya gari haina maji, ya boti ni ya nini?" Gari la gia za mkono hupozwa na upepo wa barabarani, na mara nyingi haliendi kwa nguvu yake yote saa nzima bila kupumzika. Gari la otomatiki, ambalo giaboksi yake ni ya haidroliki, kwa kawaida hupitisha oili yake kwenye kipoza, mara nyingi ndani ya rejeta. Mfano huo, basi, unathibitisha hoja yetu. Boti hupanda mlima tangu inapong'oa nanga hadi inapofika.

"Maji yakipita kwenye giaboksi kwanza, injini itachemka." Turudi kwenye hesabu yetu. Pampu inayopitisha lita 20 za maji kwa dakika, ikibeba kilowati 1.35 za joto, huyapandisha maji hayo kwa takriban nyuzi 1 tu. Injini haitatambua tofauti hiyo. Injini ikichemka baada ya kipoza kufungwa, tafuta kizuizi, mpira uliojikunja, au kipoza chenye mdomo mwembamba kuliko bomba lake.

"Unganisha matundu mawili kwa mpira mfupi, kazi imekwisha." Mpira huo hurudisha oili kwenye giaboksi ikiwa na moto uleule iliotoka nao. Unafaa, kama kitabu kinaruhusu, kwa kurudi nyumbani polepole pale kipoza kilipotoboka. Haufai kuwa ufungaji wa kudumu. Kuziba matundu hayo kwa plagi ni hatari zaidi, kwa sababu katika giaboksi nyingi njia ya kipoza ndiyo pia njia ya oili inayolainisha beringi na klachi. Ukiiziba, umekata ulainishaji.

"Tia oili nzito zaidi." Oili nzito kuliko iliyoelekezwa huifanya pampu ihangaike na gia zichelewe kuingia, na kuivuruga kwake kunaongeza joto. Giaboksi nyingine hutumia oili ya injini, nyingine hutumia oili ya giaboksi za otomatiki. Fuata kitabu.

CHOMBO KINAPOKWENDA KWA TANGA AU KUVUTWA

Jambo hili wenye majahazi wengi hawaelezwi. Pepo za kusi zikiwa nzuri, nahodha huzima injini kuokoa dizeli na kwenda kwa tanga. Rafadha, hata hivyo, huendelea kuzungushwa na maji, nayo huzungusha shafti na sehemu za ndani za giaboksi. Pampu ya oili huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu imelala. Gia zinazunguka bila oili ya kutosha kuzilainisha wala kuzipoza. Hali ni hiyohiyo chombo kinapovutwa na kingine.

Kuingiza gia ili kuizuia shafti hakusaidii katika giaboksi ya haidroliki, kwa kuwa klachi yake haibanwi pasipo shinikizo la oili. Soma kitabu kinaruhusu shafti izunguke hivyo kwa muda gani. Kama hakiruhusu, shafti ifungwe kwa kizuizi au kamba imara kabla ya tanga kutwekwa, na ifunguliwe kabla ya injini kuwashwa.

DALILI ZA KUANGALIA

Giaboksi iliyozidiwa na joto hutoa taarifa mapema kwa anayejua kuisikiliza:

• Gia huchelewa kuingia baada ya safari ndefu, ilhali asubuhi huingia vizuri.
• Injini hupandisha mizunguko lakini chombo hakiongezi mwendo.
• Oili ina rangi nyeusi na harufu ya kuungua.
• Rangi ya ganda hubabuka, au sili huanza kuvuja.

Kugusa kwa mkono si kipimo cha kutegemewa. Chuma chenye nyuzi 60 tayari hakishikiki, na giaboksi nyingi hufanya kazi salama juu ya hapo. Geji ya joto la oili ndiyo jibu. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya giaboksi.

Dalili moja inahitaji hatua ya papo hapo. Ukitoa kijiti cha kupimia ukaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yamepitia kijibomba kilichotoboka. Injini inapozimwa na shinikizo la oili kuondoka, maji ya bahari hupata nafasi ya kupenya. Usiendelee na safari za kawaida. Kipoza kibadilishwe, oili imwagwe kwenye chombo cha taka na giaboksi isafishwe kabla chumvi haijala beringi. Kijibomba hichohicho kinaweza pia kutoa oili kwenda baharini chombo kinapokwenda. Sehemu kubwa ya maji tunayoyazungumzia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mikoko na matumbawe yake ndiyo mazalia ya samaki wanaotegemewa na wavuvi walewale.

Ili kuepuka kutoboka, kagua kipande cha zinki kilichofungwa kwenye kipoza, kama kipo. Zinki huliwa na chumvi badala ya vijibomba. Ikiisha, vijibomba ndivyo vinavyofuata.

KABLA YA KULIPA: MAMBO SITA

1. Andika modeli kamili kutoka kwenye kibati, kisha omba kitabu cha modeli hiyo. Watengenezaji kama ZF, Twin Disc, PRM na Hangzhou Advance hutoa maelezo kwa kila modeli.
2. Tafuta katika kitabu mambo matatu: kama kipoza kinahitajika, kiwango cha juu cha joto la oili, na aina ya oili.
3. Uliza kama bei inajumuisha kipoza, mipira ya oili na viungio vyake. Giaboksi ya bei nafuu isiyo na vitu hivyo huenda isiwe nafuu.
4. Kwa giaboksi iliyotumika, fungua plagi za matundu na utazame. Kutu, chumvi au oili nyeupe ndani yake ni sababu ya kuacha kununua.
5. Mweleze muuzaji kwa maandishi utakavyoitumia: aina ya chombo, nguvu ya injini, saa za safari, mzigo au abiria.
6. Dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya giaboksi, na dhamana iliyoandikwa. Soma kama dhamana hufutika giaboksi ikifungwa bila kipoza.

Jambo la tano lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi mahususi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake, anaweza kudai kwamba bidhaa ilipaswa kufaa kwa matumizi hayo. Mnunuzi aliyetaja jina la kibiashara tu na kulipa hujiweka katika nafasi dhaifu zaidi. Tofauti kati ya wawili hao inaweza kuwa karatasi moja.

UKIHISI UMEPOTOSHWA

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Anza kwa kumwandikia muuzaji, ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya kibati na ukurasa wa kitabu unaotaja kipoza. Usiifungue giaboksi kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuikagua, maana giaboksi iliyokwisha kufunguliwa hufungua pia mlango wa ubishi. Usiporidhika na majibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Masuala ya usalama na ukaguzi wa chombo chenyewe yaelekezwe Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Tunasisitiza usalama kwa sababu giaboksi haichagui mahali pa kukatalia. Mara nyingi hushindwa inapodaiwa nguvu nyingi zaidi: chombo kikiwa na mzigo, kikikabili mkondo wa mto na mawimbi ya kusi kwenye mlango wa Ruvuma, mafungu ya mchanga yakiwa pande zote mbili. Hapo injini itanguruma, rafadha haitazunguka, na nanga ndiyo itakayobaki kuwa tegemeo la walio chomboni. Iwapo giaboksi yako tayari imefungwa na hujui kama inahitaji kipoza, usisubiri safari ijayo ikujibu: soma kibati leo, na kabla ya kubeba tena mzigo au abiria, hakikisha fundi wako amekuonyesha kwa kidole maandishi ya mtengenezaji.